Eksirei na tope la ziwani: namna kivuli kinavyogeuzwa kuwa densiti

Chini ya maji ya Ziwa Viktoria, chini ya tope laini lililotulia humo kwa maelfu ya miaka, kuna tabaka gumu. Mwaka 1995 na 1996 watafiti wakiongozwa na Thomas Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipita ziwani wakipeleka mawimbi ya sauti hadi sakafuni, kisha wakazamisha mabomba marefu na kuvuta nguzo za tope. Sehemu ya juu ya nguzo hizo ilikuwa tope la kawaida la ziwa: laini, lenye maji mengi, limejaa mabaki ya diatomu, mwani mdogo sana wenye ganda la silika. Chini yake mambo yalibadilika ghafla. Palikuwa na udongo ulioshikana, wenye maji machache, na ndani yake vimizizi vya mimea iliyowahi kuota mahali ambapo leo pana kina cha makumi ya mita. Hitimisho lilichapishwa mwaka 1996: ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, likaanza kujaa tena takribani miaka 15,000 iliyopita. Wanabiolojia wanaochunguza mamia ya aina za furu wa ziwa hilo wamekuwa wakijadiliana juu ya jambo hilo tangu hapo, kwa sababu linagusa swali la samaki hao walitokea wapi na kwa kasi gani.

Ukiutazama ushahidi huo kwa makini, utaona sehemu yake kubwa ni habari ya uzito. Mawimbi ya sauti hurudi juu pale yanapokutana na kitu chenye densiti, yaani uzito katika ujazo uleule, iliyo tofauti na ya kilichotangulia. Tope linapoachwa na maji, chembe zake husogeleana, na maji yakirudi baadaye hazitengani tena kama mwanzo. Ukame ule wa kale umebaki umeandikwa kwa gramu ndani ya kila sentimita ya ujazo. Anayetaka kuusoma anahitaji njia ya kupima densiti ya nguzo ya mashapo kutoka juu hadi chini, ikiwezekana milimita kwa milimita, bila kuiharibu nguzo yenyewe. Hapo ndipo eksirei inapoingia, nami nataka kueleza kwa utulivu inafanya nini hasa. Picha hizi zinavutia, na mvuto huo huwafanya watu wazisome vibaya.

Sentimita moja ya tope si sawa na nyingine

Kwanza, kwa nini tujisumbue na densiti? Mashapo hupimwa kwa urefu: bomba lina mita mbili za tope, mita ya juu ni ya miaka elfu moja, na kadhalika. Urefu ni kama debe la mahindi. Debe linaweza kuwa la punje kavu zilizojaa vizuri, au la magunzi yenye nafasi katikati, na kwa macho yote mawili ni debe moja. Anayetaka kujua chakula ni kiasi gani huleta mizani. Vivyo hivyo, tope la juu kabisa ziwani huwa maji zaidi ya robo tatu ya ujazo wake, ilhali tope la mita kumi chini limekandamizwa na yote yaliyolala juu yake. Sentimita moja ya huku na sentimita moja ya kule hazibebi kiasi kimoja cha udongo.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuchukue chembe za madini zenye densiti ya gramu 2.6 kwa sentimita ya ujazo, na maji ya gramu 1. Tope lenye maji likiwa na densiti ya 1.2, chembe zenyewe zinachukua asilimia 12.5 tu ya nafasi, na ukilikausha utabaki na gramu 0.325 za vitu vikavu katika kila sentimita ya ujazo. Tope lenye densiti ya 1.6 litakupa gramu 0.975. Densiti ya tope bichi imepanda kwa theluthi moja, lakini udongo mkavu umeongezeka mara tatu.

Hesabu hiyohiyo ina upande wa hatari. Ukikosea densiti ya tope bichi kwa 0.05 tu, yaani ukasoma 1.25 badala ya 1.2, kiasi cha udongo mkavu kitapotoka kwa asilimia 25. Kosa la asilimia nne upande mmoja linakuwa robo nzima upande wa pili. Kwenye tope lililoshikana, lile la 1.6, kosa hilohilo linaleta upotofu wa asilimia nane hivi. Kwa hiyo mashapo laini ya juu, ambayo ndiyo yanayobeba habari za miaka mia iliyopita, ndiyo yanayodai kipimo cha uangalifu zaidi.

Njia ya kale ya kupima haina ujanja wowote. Unachukua bomba la sindano lililokatwa ncha, unalisukuma kwenye tope na kutoa ujazo unaoujua, mathalani sentimita mbili za ujazo. Unapima uzito, unaweka kwenye oveni ya nyuzi 105 za selsiasi usiku kucha, unapima tena. Tofauti ni maji, kilichobaki ni udongo. Ni njia ya kuaminika, na nitarudi kwake, kwa sababu hakuna mashine iliyoiondoa. Upungufu wake ni kwamba kila kipimo kinaacha shimo kwenye nguzo, na huwezi kuchota kila milimita. Tabaka la majivu ya volkano lenye unene wa milimita mbili litaingia kwenye sindano pamoja na tope la juu na la chini yake, na wastani utakaoupata si densiti ya majivu wala ya tope.

Mwale unapopita kwenye tope

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale hii Ujerumani mwaka 1895, na madaktari waliikimbilia karibu mara moja. Wanajiolojia walichelewa; ni mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo walipoanza kuipiga kwa bidii kwenye mawe na mashapo yaliyoonekana kwa macho kuwa hayana umbile lolote ndani, wakakuta yamejaa matabaka, mashimo ya minyoo na mikunjo. Kwa muda mrefu picha hizo zilitumika kutazama tu. Kuzigeuza kuwa kipimo ni hatua nyingine kabisa.

Hebu tufuate mwale mmoja. Unatoka kwenye mashine, unaingia kwenye nguzo ya tope, na upande wa pili kuna kigunduzi kinachohesabu kilichofika. Njiani baadhi ya miale hufyonzwa na atomi, mingine hugonga elektroni na kutawanyika pembeni. Kinachofika kinategemea mambo matatu kwa pamoja: densiti ya tope, unene ambao mwale umepita, na aina ya atomi zilizomo. Yote matatu yanaingia kwenye kivuli kimoja cha kijivu. Picha haikwambii lipi limechangia kiasi gani. Ndiyo maana nasema, na ningependa kila anayeanza kazi hii alishike: picha ya eksirei si picha ya densiti. Densiti inapatikana baada ya kuyaondoa mengine mawili.

Unene ndio rahisi kuuelewa. Nguzo nyingi ni za mviringo. Chukua bomba lenye kipenyo cha sentimita 7: mwale unaopita katikati unakata sentimita 7 za tope, lakini ukisogea sentimita 3 kando, unakata sentimita 3.6 tu. Tope ni lilelile, kivuli ni nusu. Asiyejua atasema kingo za nguzo ni laini. Dawa ni moja kati ya mbili. Ama unakata kipande bapa chenye unene sawa, kwa kawaida sentimita moja hivi, na kupiga picha hicho. Ama unakokotoa unene wa kila sehemu kwa jiometria na kurekebisha. Mimi naegemea kipande bapa kila inapowezekana, kwa sababu jiometria inadhani nguzo ni duara kamili na imejaa vizuri. Tope halitii dhana hiyo: linapungua upande mmoja, linaacha nafasi kati yake na plastiki.

Halafu kuna umbo la hesabu yenyewe. Miale haipungui kwa mstari ulionyooka. Tuseme kila gramu kwa kila sentimita ya mraba inapunguza miale kwa kigezo cha 0.2, na tope lina unene wa sentimita 5. Tope la densiti 1.2 litapitisha miale 30 katika kila 100. La 1.6 litapitisha 20. La 2.0 litapitisha 13 au 14. Densiti imepanda kwa hatua sawa, lakini upungufu wa kwanza ni miale 10 na wa pili ni chini ya 7. Anayelinganisha kijivu na kijivu moja kwa moja atadhani tofauti za kwenye tope jepesi ni kubwa kuliko za kwenye tope zito. Ni lazima uchukue logi ya mwanga uliofika gawanya kwa mwanga uliotumwa. Hapo ndipo uhusiano na densiti unaponyooka.

Tatizo la tatu ndilo zito, nalo ni aina ya atomi.

Atomi kubwa humeza miale dhaifu kwa ulafi usiolingana na uzito wake. Kwa miale yenye nishati ya kiloelektronivolti 60, ambayo ni ya kawaida kwenye mashine za eksirei, gramu moja ya chuma huzuia takribani mara sita ya gramu moja ya maji. Gramu ya kalsaiti, madini ya chokaa, huzuia mara moja na nusu ya gramu ya kwazi, madini ya mchanga, ingawa densiti za madini hayo mawili zinakaribiana sana: 2.71 na 2.65. Kwa hiyo tabaka lenye chokaa litaonekana zito kuliko la mchanga hata kama mizani inasema yamelingana. Na tope lenye chembechembe za madini ya chuma, ambayo ni mengi kwenye maziwa yetu ya udongo mwekundu, litaonekana zito kupita kiasi.

Ukipandisha nishati, ulafi huo unapungua. Kwa kiloelektronivolti 100, gramu ya chuma huzuia mara mbili tu ya gramu ya maji, na kwazi hukaribiana kabisa na maji. Sababu ni kwamba miale yenye nguvu haifyonzwi sana. Inagonga elektroni na kutawanyika, na idadi ya elektroni ndani ya gramu moja ni karibu ileile kwa elementi nyingi. Haidrojeni pekee ndiyo inayokwenda kinyume kwa kiasi kikubwa: ina elektroni maradufu kwa kila gramu, na kwa kuwa imo kwenye maji, mtaalamu huongeza marekebisho madogo kwa ajili yake. Hii ndiyo kanuni nyuma ya kipimo cha miale ya gama kinachotumika kwenye meli za utafiti. Chanzo chake huwa ni siziamu-137, inayotoa miale ya kiloelektronivolti 662. Kwa nishati hiyo chuma hakina upendeleo wowote, na kipimo kinakaribia sana kuwa densiti halisi.

Kama gama ni safi hivyo, kwa nini basi tushughulike na eksirei? Kwa sababu ya ukali wa picha. Mwale wa gama hupitishwa kwenye kitundu cha milimita kadhaa, na kila kipimo ni wastani wa eneo hilo. Eksirei inaona sehemu ya kumi ya milimita. Gama itakwambia kwa uhakika densiti ya sentimita ile. Eksirei itakuonyesha kwamba ndani ya sentimita hiyo kuna matabaka kumi na mawili na ganda la konokono. Maabara yenye busara hutumia zote mbili, gama ikiwa mwamuzi wa namba na eksirei ikigawa namba hizo kwa matabaka.

Bila gama bado kazi inawezekana, ila ni lazima kivuli kifungwe kwenye kitu kinachojulikana. Kando ya kipande cha tope, ndani ya picha ileile, huwekwa ngazi ya alumini: kipande cha metali hiyo kilichochongwa kwa vidato vya unene tofauti. Alumini ina namba ya atomi 13, silikoni ya kwenye mchanga na udongo ina 14, hivyo miale huzitendea karibu sawa. Kila kidato kina unene unaojulikana, kwa hiyo kila kiwango cha kijivu kinapata namba. Ngazi hiyo pia inakulinda na mabadiliko ya mashine yenyewe, kwa kuwa umeme ukipanda na kushuka kati ya picha moja na nyingine, vidato navyo hubadilika na unaliona hilo. Kisha unarudi kwenye sindano na oveni. Unachota sampuli chache, kumi au ishirini, mahali palipo na tofauti kubwa, unazipima, na kuona kama namba za picha zinaafikiana na mizani. Pale zisipoafikiana, mara nyingi umegundua kitu: chokaa, chuma, au makaa. Hitilafu hiyo ni habari yenye manufaa, na inasikitisha kuona makala nyingi zikiifuta kwa mstari mmoja wa wastani.

Kuizunguka nguzo

Mashine ya CT, inayopiga eksirei kutoka pande nyingi na kuziunganisha kwa kompyuta, ilizaliwa kutokana na tatizo hilihili la kivuli kimoja kubeba mambo mengi. Allan Cormack alikuwa mwanafizikia Cape Town, na mwaka 1956 alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, ambako alianza kujiuliza namna ya kujua mwili unazuia miale kiasi gani kila mahali ndani yake. Jibu lake la hisabati lilikuwa kupiga kutoka pande nyingi. Uingereza, Godfrey Hounsfield alifikia hapohapo kwa njia yake na kujenga mashine. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwaka 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Kwa nguzo ya tope, CT inaondoa kabisa tatizo la unene. Kompyuta inagawa nguzo katika vijisanduku vidogo, vya nusu milimita hivi kwa mashine za hospitali, na kukipa kila kimoja namba yake. Kipimo kinaitwa kwa jina la Hounsfield: hewa ni hasi 1,000, maji ni sifuri, na tope huwa juu ya sifuri kwa mamia, au hata zaidi ya elfu likiwa na madini mengi. Nguzo haihitaji kukatwa wala kutolewa kwenye plastiki yake. Wapo watafiti wanaopeleka nguzo zao hospitalini usiku, wagonjwa wa siku wakiwa wamekwisha kuhudumiwa.

Lakini namba ya Hounsfield nayo si densiti, na hapa kosa la awali hurudi kwa mlango wa nyuma. Tatizo la atomi liko palepale. Chokaa bado inajifanya nzito. Na kuna jingine. Mashine hutoa miale ya nguvu mchanganyiko, na ile dhaifu humezwa kwanza kwenye ngozi ya nje ya nguzo. Inayofika katikati ni migumu iliyobaki, inayopita kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kompyuta hudhani katikati pana densiti ndogo. Nguzo inaonekana ina ganda zito na moyo mwepesi. Karatasi nyembamba ya shaba au alumini mbele ya chanzo huchuja miale dhaifu kabla haijafika, na programu husahihisha kilichobaki. Ukiona mchoro wa CT ambamo kila nguzo ina ukingo mng'avu kuizunguka, ujue kazi hiyo haikufanywa.

Ipo pia gesi. Katika maziwa yenye kina kirefu tope la chini limebanwa na maji. Kwenye kina cha mita 600 za Ziwa Tanganyika, shinikizo ni la angahewa takribani 60. Methani iliyoyeyuka ndani yake hutulia. Ukiivuta nguzo hadi juu, shinikizo linatoweka, gesi inatanuka, tope linapasuka na kujaa nyufa. Sindano itachota tope na ufa bila kujua, na densiti itatoka ndogo. Kwa CT nyufa zinaonekana wazi kama utupu mweusi, na unaweza kuziondoa kwenye hesabu ukabaki na densiti ya tope kama lilivyokuwa sakafuni. Hili peke yake, kwa maoni yangu, linatosha kuhalalisha gharama ya kupima nguzo za maziwa ya Bonde la Ufa kabla ya mtu yeyote kuzipasua.

Tahadhari moja ya kimaabara inasahaulika: mashapo yanayosubiri kupimwa umri kwa mwangaza uliohifadhiwa kwenye punje za kwazi yanahesabu mnururisho wote yaliyowahi kupokea. Eksirei huongeza kiasi kidogo. Kwa mchanga wa maelfu ya miaka hakisumbui, lakini kwa mashapo machanga ni busara kutoa sampuli ya umri kwanza, au angalau kuandika kipimo kilichotumika.

Matabaka ya Challa

Ziwa Challa ni ziwa dogo la kreta mpakani mwa Kenya na Tanzania, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, si mbali na Taveta. Kina chake kinazidi mita 90, na maji ya chini hayana oksijeni, hivyo hakuna minyoo wala wadudu wa kuvuruga sakafu. Kila mwaka unaacha alama: miezi ya baridi na upepo huleta tabaka jeupe la diatomu, miezi mingine tabaka jeusi la mabaki ya viumbe na chokaa. Mwaka 2016 mradi wa kimataifa uitwao DeepCHALLA ulichimba zaidi ya mita 200 za mashapo hayo, kumbukumbu ya takribani miaka 250,000. Unene wa matabaka ya mwaka umehusishwa na El Niño na La Niña: miaka yenye upepo mkali na ukame huacha matabaka manene.

Hapa densiti inadai nafasi yake. Tabaka la milimita moja karibu na uso wa sakafu na tabaka la milimita moja lililoko mita nyingi chini hayatokani na kiasi kimoja cha diatomu, kwa kuwa la chini limekandamizwa. Kulinganisha unene wa enzi mbili zilizo mbali bila kurekebisha densiti ni kulinganisha madebe tena. Na chokaa iliyomo kwenye matabaka meusi itaifanya eksirei iyaone mazito kuliko yalivyo.

Kwenye matabaka membamba namna hii, hata mwelekeo wa mwale ni jambo la kushughulikia. Kipande cha tope chenye unene wa sentimita moja kikiinama nyuzi 5 tu kwa mwale, tabaka la upande wa mbele na lilelile upande wa nyuma yanatofautiana kwenye picha kwa karibu milimita 0.9. Tabaka la mwaka likiwa la milimita moja, picha imelimeza lote. CT inaokoa hapa, kwa sababu unaweza kuizungusha nguzo ndani ya kompyuta mpaka matabaka yalale sawasawa, ndipo uyasome.

Kaboni ya mikoko

Matumizi ambayo yamebeba fedha siku hizi yako pwani. Katika Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale kusini mwa Mombasa, jamii inalinda mikoko na kuuza hati za kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Duniani kote sehemu kubwa ya kaboni ya misitu ya mikoko haimo kwenye miti. Imo kwenye tope lililo chini ya mizizi. Hesabu ya kaboni hiyo ni kuzidisha vitu vitatu: densiti ya tope kavu, asilimia ya kaboni, na kina. Chukua mfano wa kukokotoa tu: gramu 0.4 kwa sentimita ya ujazo, kaboni asilimia 5, kina cha mita moja. Jibu ni tani 200 kwa hekta. Badilisha densiti iwe 0.5 na uache mengine vilevile, jibu linakuwa tani 250. Asilimia ya kaboni hupimwa kwa mashine za gharama hadi sehemu ya mia, huku densiti ikichukuliwa kwa bomba lililogongwa kwa nyundo kwenye tope ambalo, njiani, limejibana na kufupika.

Tope la mikoko ndilo gumu kulipima kuliko yote niliyotaja. Limejaa mizizi hai, mizizi mifu, maganda ya chaza, na mashimo ya kaa yenye upana wa kidole. Sindano ndogo ikiangukia shimo inatoa namba moja, ikiangukia mzizi inatoa nyingine, na wastani wa sampuli tano hauna maana kubwa. Kwa CT, mizizi, mashimo na tope vinatofautiana kwa namba, hivyo kila kimoja kinaweza kuhesabiwa ujazo wake peke yake. Hapo linaibuka swali ambalo mashine haiwezi kulijibu: shimo la kaa lihesabiwe? Anayetaka kujua kaboni iliyomo kwenye hekta nzima lazima alihesabu, kwa sababu hekta ina mashimo na mashimo hayana kaboni. Anayetaka kujua jinsi tope lilivyokandamana kwa miaka lazima aliondoe. Ni densiti mbili tofauti kutoka nguzo moja, zote sahihi. Ripoti inayotoa namba moja bila kusema ni ipi inaiacha jamii iliyolinda msitu ule bila njia ya kukagua hesabu ambayo malipo yake yanaitegemea.